Siyo kila maji lazima yawe maziwa: uzi wa kupiga picha vijito na maporomoko tukiwa huku Mwanza

Mleta uzi

Mwangaluka wakuu, na wa upande wa Kagera na Mara habari za huko.

Usiku wa kuamkia leo mvua imeshuka huku Isamilo kuanzia kama saa tisa mpaka saa kumi na moja kasoro, na mi nikiisikia inapiga bati nlikuwa nshachaji betri mbili na stendi ipo mlangoni, kwa sababu nyuma ya mtaa wetu kuna korongo linashuka katikati ya mawe na lenyewe lina maji saa mbili tatu tu baada ya mvua kukata, ukilala umelikosa mpaka mvua nyingine. Saa 12 na nusu nlikuwa nshapanda juu. Nimerudi na picha 41, nne ndo nzuri, na moja kati ya hizo nne nadhani ndo picha bora ya maji nliyowahi kupiga.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikiposti picha za maji naulizwa "hiyo ni Materuni?" au "hiyo ni Morogoro?", yaani watu wameshajiaminisha kwamba Mwanza ni ziwa na mawe basi. Sawa, hatuna maporomoko kama ya Kalambo yenye mita zaidi ya 200 huku, hilo nakubali. Ila mji mzima umekaa juu ya granaiti, na granaiti hainywi maji, mvua ikinyesha kwenye vilima maji yote yanateleza juu ya jiwe na kushuka, ndo maana vijito vyetu vinakuja kwa haraka na vinakufa kwa haraka. Mtu wa Moshi anaweza kwenda maporomokoni siku yoyote anayotaka. Sisi lazima tuamke. Na bahati yetu ni kwamba mvua nyingi za huku zinakuja usiku au alfajiri, maana usiku maji ya ziwa yana joto kuliko nchi kavu, hewa inavutwa kuelekea ziwani na mawingu yanajijenga pale, kwa hiyo kukicha unakuta wingu bado lipo, mwanga umetulia, korongo linashuka. Kwa picha za maji hutapata hali nzuri kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonisukuma kuandika. Ukiingia mtandaoni kutafuta jinsi ya kupiga maji yanayotiririka, kila mtu atakwambia weka spidi ya shata ndogo, yaani kamera ikae wazi muda mrefu ikiingiza mwanga, sekunde mbili, sekunde tano, kumi, maji yatoke kama hariri. Nlifanya hivyo miaka mitatu. Picha zangu zote zikawa zinafanana, kijito cha Isamilo na mto mkubwa wa kule Mara ukiviweka pamoja huwezi kujua kipi ni kipi, vyote ni ukungu mweupe umelala juu ya mawe. Siku moja nikaziangalia zote kwa mpigo nikagundua nimepiga mawe tu, maji yenyewe sijayapiga.

Tokea hapo nafanya hivi: nikifika nakaa chini kwanza dakika kumi bila kutoa kamera. Naangalia maji yanafanya nini. Yanajikunja wapi, povu linazungukia wapi, wapi yanadondoka na wapi yanateleza tu kama kitambaa. Halafu ndo nachagua spidi. Kwenye vijito vidogo vyenye mwendo, nimekuja kuona 1/8 mpaka 1/2 ya sekunde ndo patamu, pale nyuzi za maji bado zinaonekana moja moja, unaona yanatoka wapi yanaenda wapi. Ukivuka sekunde mbili nyuzi zinaanza kuyeyuka. Maji yanayodondoka kwa nguvu kutoka juu na kupiga jiwe, hayo mi napiga 1/500 au zaidi kabisa nigandishe matone, kwa sababu nguvu ndo habari yake. Hakuna spidi moja ya maji, kama ambavyo hakuna mwendo mmoja wa kucheza ngoma zote.

Hii kitu ya maji kuwa maziwa ina asili yake pia. Carleton Watkins alipopiga maporomoko ya Yosemite kule Marekani mwaka 1861 alikuwa anatumia vioo vikubwa vya kupaka kemikali na kupiga zikiwa bado mbichi, na vioo vile vilikuwa vizito kushika mwanga, vinahitaji sekunde kadhaa, kwa hiyo maji yalitoka kama pamba atake asitake. Sisi leo tuna kamera ya 1/4000. Kwa hiyo ukichagua pamba iwe umechagua wewe.

Mipangilio yangu ya leo asubuhi kwa anayetaka: ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga), tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), shata 1/6, lenzi ya 24 mpaka 70 nikiwa kwenye 35, filta ya polaroidi (ya kukata mng'ao), stendi, kihesabio cha sekunde 2 ili kidole changu kisitikise kamera. Karibuni kwa maswali, nitajibu yote.

Mdau wa Nyegezi

Mkuu uzi mzito, nimeusoma mara mbili. Swali langu, mi sina kamera nna simu ya Tecno tu, nikiweka modi ya Pro nikashusha shata mpaka 1/4 picha inakuja nyeupe yote kama nimepiga karatasi, hata asubuhi. Tatizo simu au mimi?

Mleta uzi

Wala siyo wewe kaka. Lenzi ya simu tundu lake halifungi, limekaa wazi muda wote, nyingi zipo kwenye f/1.8 hivi, kwa hiyo mwanga unaoingia ni mwingi kuliko wa kamera iliyofungwa f/11 kwa zaidi ya mara 30. Unashusha shata lakini huna pa kupunguzia mwanga, ISO yenyewe ukishafika 50 ndo mwisho.

Njia zipo tatu. Ya kwanza, nenda kukiwa na giza zaidi, ile kabla jua halijachomoza kabisa au jioni saa 1 kasoro, huku kwetu karibu na ikweta giza linaingia haraka kwa hiyo una kama dakika 20 za kufanya kazi. Ya pili, weka kitu cheusi mbele ya lenzi, kuna filta za kubana kwenye simu, ila hata miwani ya jua iliyo safi isiyo na mikwaruzo inasaidia, nimeshaona mtu kafanya hivyo na picha ikatoka. Ya tatu ndo naipenda: simu kwenye stendi isitikisike, piga picha 20 au 30 mfululizo kwa shata ya kawaida, halafu ziunganishe kwa programu ya kuchukua wastani wa picha. Mawe yanabaki vilevile kwa sababu hayajasogea, maji yanalainika kwa sababu kila picha yapo tofauti. Uzuri wake ni kwamba unachagua baadaye, ukitaka nyuzi unaunganisha picha sita, ukitaka pamba unaunganisha zote.

Wenye iPhone mna urahisi, piga Live Photo halafu kwenye picha chagua ile ya mwanga mrefu (Long Exposure), simu inachukua sekunde 3 za harakati inazichanganya yenyewe. Google Pixel kuanzia ya 6 nazo zina modi yake.

Na stendi kama huna, chukua soksi nzito au kifuko, jaza mchanga au maharage, kaza, weka juu ya jiwe, kandamiza simu ikae. Mi nlianza hivyo na bado nnacho.

Mdau wa Igoma

Mi sipati muda wa alfajiri mkuu, natoka kazini saa sita mchana. Nna Canon ya zamani na ile lenzi iliyokuja nayo. Nifanyeje na jua la huku?

Mleta uzi

Jua la saa sita la Mwanza lipo karibu utosini, ndo gumu kuliko yote, kwenye mawe yaliyolowa linatoa mng'ao mweupe na chini ya mawe giza. Kwa hesabu, jua kali ISO 100 na f/11 itakupa shata ya 1/250. Hapo maji yanaganda. Ukiweka filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ND8 unashuka mpaka 1/30, ND64 mpaka 1/4, ND1000 mpaka sekunde 4. Kwa vijito vyetu kama unanunua moja tu nunua ND64, watu wanakimbilia ND1000 kwa sababu ya sifa halafu inakaa kwenye begi.

Usijaribu kukwepa gharama kwa kufunga tundu mpaka f/22. Utapata shata ndogo kweli lakini picha nzima inapoteza ukali, mwanga ukipita kwenye katundu kadogo sana unatawanyika, na uzuri wa mawe yetu ni ile mikwaruzo na ukoga wake, sasa ukiupoteza umebaki na nini. Ishia f/11, ukibanwa sana f/13.

Ila kama huna hela ya chochote sasa hivi, saa sita hiyo hiyo fanya kinyume, pandisha shata mpaka 1/1000 upige matone yakiwa na jua nyuma yake, yanang'aa kila moja kivyake. Hiyo haihitaji filta wala stendi.

Na ile polaroidi niliyoitaja huko juu, watu wengi wanaidharau. Kwa maji ni ya kwanza mi kununua kabla ya ND yoyote. Unaizungusha taratibu huku unaangalia jiwe lililolowa, kuna sehemu mng'ao unakatika ghafla unaona rangi ya jiwe yenyewe, ule wekundu na kijani cha ukoga, hata kokoto chini ya maji. Hicho hakuna programu inayoweza kukurudishia nyumbani, kama kamera haikuona kokoto basi hazipo. Na inakula mwanga kama stopu moja na nusu mpaka mbili (kila stopu ni kukata mwanga nusu), kwa hiyo inakusaidia na shata pia.

Jingine, weupe wa maji unaungua haraka. Kamera inaona mawe meusi inadhani picha nzima ni nyeusi, inaongeza mwanga, povu linabaki doa jeupe lisilo na kitu. Shusha mwanga kidogo, kama theluthi mbili ya stopu, washa ile alama inayopepesa sehemu zilizoungua, na piga RAW (faili ghafi la kamera) kama kamera yako inaruhusu. Fokasi weka kwenye jiwe, kisha funga fokasi isihangaike na maji. Ukiwa kwenye stendi zima kitulizaji cha lenzi, na miguu ya stendi usiiweke kwenye mkondo wenyewe, maji yanaitingisha bila wewe kuona.

Mdau wa Bukoba

Kaka habari za Mwanza. Mi dada wa huku Bukoba, napiga sana mto Kanoni unapokatiza mjini kwenda ziwani, na mwaka jana nilifika Rusumo kule Ngara. Naomba niongeze kidogo kwa wanaotaka kwenda. Rusumo ni mto Kagera wenyewe, mpakani na Rwanda, ukisimama pale kishindo unakisikia kifuani. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya udongo, msishangae, ndo rangi yake. Niliweka sekunde 4 picha ikatoka kama uji umemwagika, haina uhai, nikapandisha mpaka 1/320 ndo nikaona mto. Kwa hiyo ulichoandika nimekiona kwa macho.

Ila pale ni mpaka, kuna daraja, kuna ofisi za serikali za nchi mbili na kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Usitoe kamera kabla hujaenda kuomba ruhusa na kuonyesha kitambulisho. Mimi niliomba, nikaambiwa nielekeze kamera wapi na wapi nisielekeze, nikafanya kazi yangu kwa amani. Drone ndo kabisa, bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usifikirie.

Mleta uzi

Asante sana dada, hii ya rangi ya chai ni muhimu na mi nlikuwa nimeisahau. Maji yenye udongo ukiyalainisha sana yanakuwa tope tupu, yanahitaji mikunjo na vivuli ndo yaeleweke. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 safari ya huko imerahisika, husubiri tena kivuko, nina mpango nije.

Mdau wa Nyegezi

Mkuu vipi mto Mirongo hapa mjini? Ule unatiririka muda mwingi na upo karibu na kila mtu, mbona huuposti?

Mleta uzi

Nlikuwa nasubiri mtu aulize, hii ntaandika ndefu mniwie radhi.

Mirongo nimeupiga sana. Mara ya kwanza nlienda na ND1000, kipindi kile cha maziwa, nikasimama karibu na unapopita mjini nikapiga sekunde 15. Picha ikatoka nzuri mno. Ukungu laini unapita kati ya kuta, weupe kama asubuhi ya milimani. Nikaiposti, watu wakaisifia, mmoja akauliza ni hoteli gani ile ina mto kama ule.

Kesho yake nikarudi palepale, kuna mama anauza dagaa karibu na ukingo, nikamwonyesha kwenye simu nikijua atafurahi. Akaiangalia muda, akaniuliza, "Mwanangu, chupa umeziweka wapi?" Nikakosa jibu. Maana ule weupe ulikuwa povu la maji machafu, na chupa na mifuko iliyokuwa inapita mbele yangu sekunde zote zile 15 imefutika, kitu kinachosogea kwenye shata ndefu hakiachi alama. Mi nimesimama pale pua imejaa harufu, na picha yangu inasema pale ni peponi.

Siku hiyohiyo nikabadilisha, 1/500, bila filta, nikainama mpaka usawa wa maji. Kila chupa imeonekana, kila mfuko, na kuna yangeyange mmoja mweupe amesimama katikati ya yote hayo anatafuta chakula. Nikaichapisha nikampelekea mama yule, akaiweka kwenye kibanda chake. Mpaka leo ipo.

Ndo maana nasema spidi ya shata siyo urembo. Ni kuamua nini kionekane na nini kifutike. Kijito cha Isamilo nikikilainisha kidogo sijamdanganya mtu, maji yale ni masafi na mwendo wake ni ule. Mirongo nikiulainisha nimeuficha, na maji yale yanaishia ziwani, ziwa hilohilo tunalokunywa.

Mdau wa Igoma

Mkuu hapo umenigusa, nyumbani kwetu ni karibu na Mabatini na mto ule tumekua nao. Naomba pia ugusie usalama maana naona watu wataanza kushuka makorongoni.

Mleta uzi

Kweli. Korongo la mawe halikupi onyo refu, kwako mvua imekata lakini juu ya kilima bado inapiga. Ukiona maji yamebadilika ghafla kuwa ya kahawia, au yanaleta vijiti na majani mengi, au unasikia mawe yanagongana, nyanyua stendi panda juu hapohapo, usimalizie picha. Radi ikianza shuka kilimani, vilele vyetu vimekaa wazi. Jiwe lenye ukoga wa kijani usilikanyage hata liwe linaonekana kavu. Usiende peke yako, na usikanyage uani kwa watu bila kupiga hodi, makorongo mengi yanapita kati ya nyumba.

Na kichocho jamani, wa huku wote tunakijua lakini ukishika kamera unasahau. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu, hasa sehemu za maji yaliyotulia zenye majani, kando ya ziwa na pale kijito kinapoingia ziwani. Vinatoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi mpaka mchana wa saa nane, sababu nyingine ya kwenda mapema. Vaa gambuti, usiingie na kandambili. Ukishaloweka miguu mara nyingi nenda hospitali upime, dawa zipo. Midomo ya mito mikubwa kama Simiyu usishuke kabisa bila mwenyeji, kuna viboko na mamba.

Mdau wa Musoma

Uzi mzuri wakuu. Niongeze la historia maana linahusu ziwa letu. John Speke alilifikia ziwa hili mwaka 1858 akitokea kusini, upande wa huko huko Mwanza, kisha 1862 akafika Jinja anapotokea Nile, akayakuta maporomoko akayaita Ripon. Maporomoko yale leo hayapo, yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, 1954. Hapohapo Uganda ya Bujagali nayo yakazama kwa bwawa jingine mwaka 2011. Kilichobaki cha Ripon ni picha za zamani. Nikizitazama huwa najiuliza aliyepiga alijua kama ndo basi tena.

Mleta uzi

Mkuu umenipeleka mbali. Korongo langu la Isamilo nalo sijui kama litakuwepo miaka kumi ijayo. Juu yake mwaka huu zimeanza nyumba tatu, na mawe mawili makubwa yamepasuliwa kwa moto wakatoa kokoto. Siwalaumu, watu wanahitaji kujenga na kula. Lakini sehemu ile maji yalipokuwa yanagawanyika mara mbili na kukutana tena chini, nliyoipiga masika ya mwaka juzi, leo asubuhi nimekuta yanapita upande mmoja tu. Kwa hiyo sasa hivi kila mvua napiga kutoka sehemu ileile, nimeweka alama ya rangi kwenye jiwe pa kusimamisha stendi, lenzi ileile, urefu uleule. Nina mvua 23 mpaka sasa. Fanyeni hivyo na vya kwenu.

Mdau wa Nyegezi

Wakuu narudi na mrejesho. Jana imenyesha, leo nimeenda kijito cha njia ya Luchelele na Tecno yangu, kifuko cha maharage, picha 24 mfululizo. Nimeunganisha nane. Mawe yamekaa, maji yana nyuzi, nimefurahi mpaka nimempigia mama simu. Ila majani ya pembeni yametoka na ukungu, kwa nini?

Mleta uzi

Hongera sana kaka, nimeiona, ile sehemu maji yanapojikunja kulia ni nzuri mno. Majani ni upepo, yamesogea kama maji yalivyosogea. Chukua picha moja tu kati ya zile 24, yenye majani yaliyotulia, iweke juu ya ile uliyounganisha, halafu futa eneo la maji peke yake. Na ukirudi sogea hatua mbili kushoto, nadhani kuna jiwe dogo nyuma ya lile kubwa linalogawa maji, kwenye picha yako limeonekana ncha tu.